Angonoka: kobe anayezaa akifugwa na kuisha porini

Kila ninapomtaja angonoka, swali linalofuata huwa lile lile. Ikiwa kobe huyu wa Madagaska anataga vizuri akifugwa, na watoto wake wanakua, kwa nini watafiti wanasema amebaki kidogo tu atoweke? Swali ni la haki. Wanyama wengi huwa adimu kwa sababu hawakubali kuzaa wakifungiwa, au kwa sababu msitu wao umefyekwa wote. Angonoka hana shida ya kwanza. Tangu mwaka 1987 mayai yake yamekuwa yakianguliwa katika kituo cha Ampijoroa, na waliozaliwa pale ni mamia. Shida ya pili ipo, lakini vichaka alivyobakiwa navyo vimo ndani ya hifadhi ya taifa ambayo kobe huyu ndiye sababu kubwa ya kutengwa kwake. Bado anaisha.

Ili kulielewa jambo hili inabidi kushika mambo mawili ambayo kwa kawaida huelezwa mbalimbali: jinsi kobe anavyoishi na kuzaa, na jinsi soko la wakusanyaji wa wanyama adimu linavyopanga bei. Kila moja peke yake lina dawa. Yakikutana, hata kazi nzuri ya uhifadhi inaweza kwenda mbio na bado ikaachwa nyuma.

Mnyama wa vichaka vya mianzi

Angonoka, kwa jina la kisayansi Astrochelys yniphora, yuko sehemu moja tu duniani: kandokando ya Ghuba ya Baly, wilaya ya Soalala, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Ni pwani inayoitazama Msumbiji ng'ambo ya mlango wa bahari, na si ngeni kwa historia yetu. Juu kidogo ya hapo, upande wa Boina, wafanyabiashara Waislamu waliozungumza Kiswahili walikuwa na bandari zao karne nyingi kabla ya falme za Wasakalava kuishika pwani hiyo, na majahazi yalikuwa yakienda na kurudi Bukini, kama Waswahili wa zamani walivyoiita Madagaska, kama safari yoyote nyingine ya kibiashara.

Nchi yenyewe ni mchanganyiko wa mbuga za nyasi, mikoko ufukweni, na vichaka vizito vya mianzi mifupi. Angonoka anakaa humo vichakani. Dume aliyepevuka hufikia gamba la sentimita 40 na ushei na uzito wa kilo 10 hivi. Jike ni mdogo kidogo. Gamba limeinuka juu kuliko la kobe wengi, rangi yake ni ya kahawia iliyofifia inayoelekea dhahabu, na kila pande lake lina duara ndani ya duara zinazoonyesha jinsi lilivyokua. Ni mnyama mzuri kweli, na uzuri huo umemponza.

Kitu kinachomtambulisha zaidi kiko chini ya shingo. Bamba la mbele la gamba la tumboni limechomoza na kupinda juu katikati ya miguu ya mbele, na Mfaransa Léon Vaillant, aliyemweleza kisayansi mwaka 1885, alimpa jina lenye maana ya mbeba jembe la plau. Madume hulitumia kupigania majike. Hugongana, kila mmoja akijaribu kuliingiza bamba lake chini ya gamba la mwenzake, amwinue na kumpindua. Anayepinduliwa hujigeuza kwa taabu na kuondoka. Vita hivi havina damu, lakini inaelekea vina kazi katika uzazi, kwa kuwa wafugaji waliona kwamba dume anayeishi bila mpinzani hupoa na kutojali majike. Mtu anayetaka kuwazalisha hawezi basi kuweka dume mmoja na jike mmoja akangoja. Lazima awe na madume kadhaa na ajue wakati wa kuwakutanisha na wa kuwatenganisha.

Chakula chake ni majani ya vichaka, nyasi na mimea midogo ya ardhini. Jambo la ajabu ni kwamba hula majani makavu ya mianzi yaliyoanguka lakini mianzi mibichi inayomzunguka pande zote huiacha. Ameonekana pia akila kinyesi kikavu cha nguruwe mwitu na cha wanyama walao nyama. Mvua zinapoanza, kuelekea Novemba, huwa mchangamfu na huzunguka kutafuta malisho. Kiangazi kikishika hujificha chini ya majani makavu, na unaweza kupita hatua moja tu kutoka alipo usimwone.

Hesabu ya maisha marefu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Jike wa angonoka huanza kutaga akiwa na umri wa miaka 15 hadi 20. Msimu wa kutaga ni kati ya Januari na Mei. Kila shimo huwekwa yai moja hadi sita, mara nyingi matatu au manne, na jike mmoja anaweza kuchimba mashimo hata manne kwa msimu. Mayai hubaki ardhini kiangazi chote. Yaliyotagwa Januari na yaliyotagwa Mei huanguliwa karibu wakati mmoja, mvua za kwanza zinapolainisha udongo na majani mapya kuchipua, kwa hiyo mengine hukaa ardhini miezi sita na nusu na mengine zaidi ya tisa. Watoto hutoka wakiwa na gamba la sentimita nne na nusu hivi. Mama yao hawaangalii tena.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme jike anataga mayai kumi kwa mwaka, na anaendelea hivyo kwa miaka thelathini. Hayo ni mayai mia tatu. Ili idadi ya kobe isipande wala kushuka, wanaotakiwa kuishi hadi kuzaa kati ya hao mia tatu ni wawili tu: mmoja wa kuchukua nafasi ya mama, mmoja ya baba. Wengine wote, mia mbili tisini na wanane, wanaweza kuliwa na ndege, nyoka na nguruwe, kukauka ndani ya yai au kufa kwa kiu, na bado ukoo ukasimama. Maumbile ya kobe yamejengwa hivyo. Utotoni hufa kwa wingi. Aliyevuka utoto na kupata gamba gumu, karibu hakuna kitu kitakachomgusa kwa miongo.

Maana yake ni kwamba jike wa miaka ishirini ana thamani ambayo mtoto hana. Nyuma yake kuna makumi ya ndugu waliokufa ili yeye afike hapo. Mbele yake kuna miaka yote ya kutaga. Mkulima wa minazi analijua hili: ukikata mnazi uzaao ukapanda mche mahali pake, huwezi kusema shamba liko vile vile kwa kuwa idadi ya miti haijabadilika. Ukimwondoa jike mmoja mpevu porini na kuachilia watoto watano, kwenye karatasi umeongeza kobe wanne. Kwa kweli umepunguza.

Watu wamelipima jambo hili kwa aina nyingine za jamii ya kobe. Mwaka 1994 Justin Congdon na wenzake, waliokuwa wamewafuatilia kobe wa majini wa Michigan, Marekani, kwa miaka mingi, walionyesha kwamba vifo vya wapevu vikiongezeka kwa asilimia kumi kwa mwaka, idadi yao ingepungua kwa nusu katika muda usiofika miaka ishirini. Asilimia kumi haionekani kuwa nyingi. Kwa sungura au kwale si kitu. Msimu mmoja wa mvua nzuri unafidia. Kobe hana namna ya kufidia. Hawezi kuharakisha kupevuka, wala kuongeza mayai kwa sababu wenzake wamechukuliwa. Mwendo wake wa maisha ulipangwa katika kisiwa ambamo hakukuwa na kitu cha kuwawinda wakubwa, na hana mwendo mwingine.

Moto, na nguruwe aliyevuka bahari

Kabla ya wafanyabiashara wa magendo kuna matatizo ya zamani zaidi, na nisiyapite kana kwamba hayapo.

La kwanza ni moto. Wafugaji wa ng'ombe wa nundu huchoma mbuga wakati wa kiangazi ili nyasi changa zichipue, na wakati mwingine moto huwashwa kwa sababu nyingine, kama vile kufuta nyayo za ng'ombe walioibwa. Moto ukiingia kwenye mianzi, kobe mdogo hana pa kukimbilia. Mkubwa anaweza kunusurika, lakini kila kichaka kinachoungua kinageuka kuwa nyasi, nyasi nazo huungua kwa urahisi zaidi mwaka unaofuata, na hivyo makazi yanakatika vipande vipande. Leo angonoka yuko katika maeneo machache yaliyotengana kuizunguka ghuba, yote pamoja yakiwa madogo kuliko wilaya nyingi za Tanzania au Kenya. Kobe wa kipande kimoja hawakutani na wa kingine.

La pili ni nguruwe mwitu. Madagaska haikuwa na nguruwe wa asili. Aliyepo leo ni wa kutoka Afrika bara, jamaa wa yule anayefukua mihogo kwenye mashamba yetu, na inaaminika alifikishwa na watu zamani. Pua yake inafukua mayai, na meno yake yanavunja gamba laini la mtoto. Kwa mnyama ambaye hata bila nguruwe hupoteza watoto wengi, huu ni mzigo juu ya mzigo.

Kulihusu kundi hili la matatizo, kazi imefanyika na imezaa matunda. Wanakijiji wanaoizunguka ghuba wamekuwa wakikata njia za kuzuia moto, wakipiga doria, na wao ndio waliosukuma mbele wazo la kuigeuza Baly kuwa hifadhi ya taifa, jambo lililotimia mwaka 1997 kwa eneo la hekta 57,000 hivi. Naona ni muhimu kulisema hili kwa sauti, maana habari nyingi za wanyama wa Afrika huandikwa kana kwamba wenyeji ndio adui. Wasakalava kwa mila yao hawali kobe. Ni fady, mwiko. Baadhi ya watu wa huko hufuga kobe mmoja pamoja na kuku kwa imani kwamba anawakinga na magonjwa. Angonoka aliishi karibu na vijiji hivi kwa karne nyingi. Aliyemgeuza kuwa bidhaa ya dola yuko mbali na Soalala.

Uhaba unapopandisha bei

Mwaka 1986 shirika la uhifadhi lililoanzishwa na Gerald Durrell katika kisiwa cha Jersey, likishirikiana na serikali ya Madagaska na WWF, lilianzisha mradi wa kumwokoa angonoka. Kituo cha kuzalisha kilijengwa Ampijoroa, ndani ya msitu wa Ankarafantsika, mbali na ghuba. Mwanzo walikuwa na kobe wachache tu waliokuwa wakifugwa na watu au waliokamatwa na serikali. Mwaka uliofuata mayai yakaanguliwa. Kwa miaka tisa mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia.

Mei 1996 watu waliingia kituoni usiku wakaiba majike wawili wapevu na watoto 73. Baadaye, 33 kati ya watoto hao walionekana Uholanzi. Ndipo ilipodhihirika kwamba duniani kuna watu walio tayari kulipa ili wizi wa namna hiyo ufanyike, na kwamba kuna njia ya kuwafikisha kobe hao hadi Ulaya.

Hali ilizidi kuwa mbaya baada ya mwaka 2009, serikali ya Rais Marc Ravalomanana wa Madagaska ilipoangushwa. Misaada ya nje ikakatwa, ulinzi wa hifadhi ukadhoofika, na mbao za thamani na kobe vikaanza kutoka nchini kwa wingi. Soko nalo likawa limehamia Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, ambako kumiliki kobe adimu kulikuwa kumegeuka kuwa alama ya utajiri na bahati. Mitandao ya kijamii ikamrahisishia muuzaji: picha moja, ujumbe mmoja, na mteja anapatikana bila duka.

Machi 2013, katika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi mjini Bangkok, maofisa walifungua mizigo iliyokuwa imesajiliwa kwa jina la abiria kutoka Madagaska. Ndani walikuta angonoka 54 na kobe wengine 21 wa Madagaska wa aina inayoitwa sokake, wale wenye michoro ya miale. Kwa makadirio ya wakati ule, angonoka hao pekee walikuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi waliobaki duniani, wote ndani ya safari moja ya ndege. Safari hiyo ilipitia Nairobi. Silisemi hili kuwalaumu wafanyakazi wa uwanja wowote, kwa kuwa mzigo wa abiria anayeunganisha ndege hauonwi na macho mengi. Nalisema ili sisi wa Afrika Mashariki tujue kwamba njia hii ya magendo inakatiza katikati ya nchi zetu, kwa ndege na, kupitia visiwa vya Komoro, kwa mashua pia.

Sasa tufike kwenye bei. Kwa bidhaa ya kawaida, kitu kikiwa haba hadi kukitafuta kunagharimu kuliko faida yake, watu hukiacha. Mvuvi haendelei kutupa nyavu kwenye mwamba usio na samaki. Wanaikolojia walitegemea kwa muda mrefu kwamba kanuni hii ingewaokoa wanyama adimu: wakibaki wachache mno, biashara itakufa kabla yao. Mwaka 2006 Mfaransa Franck Courchamp na wenzake walieleza kwa nini haiwi hivyo pale ambapo uhaba wenyewe ndio unaonunuliwa. Mkusanyaji hamtaki kobe. Anataka kobe ambaye wengine hawana. Idadi ikishuka, bei inapanda. Bei ikipanda, inakuwa na faida kutafuta hata wale wa mwisho. Wakitafutwa, idadi inashuka tena. Mzunguko huu hauna breki ndani yake.

Iweke hesabu hii juu ya ile ya maisha marefu na uone. Mnyama asiyeweza kufidia hasara ya wapevu wake anakutana na soko ambalo kila hasara huliongezea hamu. Mtu wa kijijini anayepewa kiasi kidogo ili aelekeze njia hajui, na pengine hawezi kujua, kwamba mwisho wa safari mnyama huyo atauzwa kwa bei ya gari, na akiwa mkubwa, kwa zaidi ya hapo.

Matokeo yanaonekana kwenye makadirio. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti walikuwa wakizungumzia mamia kadhaa ya angonoka porini, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2008 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ulimweka katika daraja la juu kabisa la hatari kwa mnyama aliye bado porini. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa ikisemwa kwamba wapevu waliobaki hawafiki mia, na wengine walihofia ni wachache zaidi ya hapo.

Kuliharibu gamba ili kumwokoa mwenye gamba

Moja ya njia zilizobuniwa inashtua ukiisikia mara ya kwanza. Wahifadhi walianza kuchora gamba la angonoka kwa mashine ya kukereza, herufi na namba kubwa ambazo hazifutiki, kwa kobe wa kituoni na wa porini. Shirika la Durrell na la Kimarekani la Turtle Conservancy yamefanya hivyo kwa mamia ya kobe. Gamba ni ngozi ngumu ya juu na mfupa chini yake. Ukikereza tabaka la juu tu, mnyama haumii sana. Ila uzuri wake umeharibika milele, na hilo ndilo linalotakiwa. Mkusanyaji anayetaka kitu kisicho na doa hatamtaka, na akimchukua, namba itamshtaki popote atakapomwonyesha.

Naiunga mkono njia hii, japo inasikitisha. Udhaifu wake ni mmoja: mtoto mdogo hawezi kuchorwa mpaka gamba lake lipate nafasi, na ni wadogo ndio wanaoingia kwenye sanduku kwa urahisi.

Kuna wanaopendekeza njia iliyo kinyume: wazalishwe kwa wingi, wauzwe kihalali, soko lijae na bei ishuke. Wazo hili si la kipuuzi. Kwa mamba limefanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, mashamba yakitoa ngozi na wa mtoni wakipumzika. Lakini mamba wa shambani huchinjwa akiwa na miaka michache tu. Anayeanza shamba la angonoka leo angengoja miaka 15 au zaidi kabla ya yai la kwanza la kizazi alichokizalisha mwenyewe, na katika miaka hiyo yote njia rahisi ya kujaza shamba ingekuwa kununua wa porini na kuwaandikia karatasi kwamba walizaliwa bandani. Kobe mdogo hana alama inayoonyesha alizaliwa wapi. Tena wale wanaofugwa na watu binafsi huko nje walipatikana vipi? Angonoka yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1975, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku kwa zaidi ya nusu karne. Kuhalalisha mauzo sasa ni kuwasafishia mali walioiba.

Kobe wa Changuu

Wasomaji wa Unguja hawahitaji kwenda Madagaska kulielewa hili. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao watalii huwalisha majani, ni wa aina ya Aldabra. Wa kwanza wanne walikuwa zawadi ya gavana wa Seychelles mwaka 1919. Walizaana. Kufikia miaka ya 1950 walikuwa kama mia mbili. Kisha wakaanza kuibwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na kufikia mwaka 1996 walihesabiwa saba tu. Mwaka huo waliongezwa watoto themanini, na karibu nusu yao nao wakapotea. Hao ni kobe wenye uzito wa mtu na zaidi, kwenye kisiwa kidogo kinachoonekana kwa macho kutoka Mji Mkongwe, na bado karibu wote waliondoka. Kilichowarudisha ni uzio, ulinzi wa usiku na alama kwa kila mnyama. Aldabra yenyewe, kisiwa cha mbali cha Seychelles kisicho na wakazi wa kudumu ila watafiti na walinzi, ina kobe wa aina hiyo hiyo wapatao laki moja. Umbali na ulinzi vimefanya pale kazi ambayo uzazi peke yake haukuweza kuifanya Changuu.

Waliorudishwa, na wasioweza kurudi

Kobe waliozaliwa Ampijoroa hawakukusudiwa kubaki huko. Kuanzia miaka ya 2000 makumi yao, wakiwa na umri wa miaka kadhaa na gamba lililokomaa kiasi cha kumshinda nguruwe, waliachiliwa katika eneo la Baly ambako kobe walikuwa wameisha. Walifungwa vifaa vya redio ili wafuatiliwe. Wengi waliishi vizuri, wakajifunza wenyewe kujificha kiangazi na kutafuta malisho wakati wa mvua. Kwa upande wa elimu ya wanyama lilikuwa jambo la kutia moyo: kobe hahitaji kufundishwa na mama, silika inamtosha. Kwa upande wa usalama lilikuwa jambo la mashaka, kwani porini ndiko wezi walikokuwa.

Wale wanaokamatwa viwanja vya ndege ni suala gumu zaidi kuliko linavyoonekana kwenye picha za habari. Mwishoni mwa mwaka 2024 Thailand iliwarudisha Madagaska kobe zaidi ya mia tisa, wa aina nyingine za kisiwa hicho, waliokamatwa mwaka huo huo. Mwaka 2018, katika nyumba moja ya mji wa Toliara kusini mwa nchi, walikutwa sokake zaidi ya elfu kumi wakiwa wamerundikana sakafuni bila maji wala chakula. Watu hudhani hatua inayofuata ni kuwapeleka porini siku hiyo hiyo. Haiwezekani. Kobe aliyekaa wiki nyingi katika banda moja na aina nyingine za kutoka India au Afrika bara anaweza kuwa amebeba virusi na bakteria ambavyo wenzake wa Baly hawajawahi kukutana navyo, na katika kundi lisilofika mia, ugonjwa mmoja unatosha. Inabidi watengwe, wapimwe, watibiwe, na walishwe kwa miezi au miaka. Kobe hawana haraka ya kufa wala ya kupona. Gharama hiyo inaiangukia nchi ambayo ni miongoni mwa maskini zaidi duniani, huku mnunuzi aliyeagiza mzigo akikaa kwake bila kujulikana jina.

Hapo ndipo naona pesa ya uhifadhi inapaswa kuelekezwa kwanza. Kituo cha kuzalisha ni cha lazima. Bila Ampijoroa leo pengine tungekuwa tunazungumzia mnyama aliyekwisha. Ila kila mlinzi wa kijiji anayelipwa mshahara wa kudumu, si posho ya mradi wa miaka miwili, analinda majike wanaotaga sasa hivi, na hakuna mashine ya kuatamia mayai inayoweza kumtoa jike wa miaka ishirini kabla ya miaka ishirini kupita. Na kila mfadhili wa magendo anayefikishwa mahakamani, badala ya mbeba mizigo peke yake, anaigusa bei yenyewe. Waendesha mashtaka wa Antananarivo, Moroni, Nairobi, Dar es Salaam na Bangkok wakibadilishana majina na namba za simu zinazopatikana kwenye kila mzigo, mtandao wa watu hawa si mkubwa kiasi cha kutofahamika.

Mahali hasa walipo kobe waliobaki, watafiti wameacha kupaandika.